Mteuzi Haishi Tamaa

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kauli hii niliizoea tangu utotoni, na kwa muda mrefu niliiamini bila kuihoji: mtu wa kazi hulitwaa jembe alilolikuta, akaingia shambani. Hata hivyo, wahenga hao hao walituachia pia methali isemayo kuwa mteuzi haishi tamaa. Nimekuja kutambua kuwa methali hizi haziwalengi wachaguzi wa aina moja. Ya kwanza humkemea anayechagua ili akwepe kazi. Ya pili humwonya anayechagua kwa macho tu, asijiulize atakiweka wapi kile alichokitamani. Mimi nilikuwa wa kundi hili la pili. Walionifunza ni samaki wanane, tangi moja la kioo, na mzee mmoja ambaye wakati huo hakuweza kuvihesabu vidole vya mkono wake mwenyewe.

Nilizaliwa kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Homa Bay, nikiwa kitinda mimba wa mvuvi. Kwetu samaki ni kitoweo, ni karo ya shule, ni sare, ni matibabu. Hata majina tunayowapa ni ya wavuni na sokoni: mbuta, ngege, omena, mumi, kamongo. Nilipojiunga na chuo kikuu na kuanza kusomea Kiswahili, niligundua kuwa mambo hayakuwa tofauti sana. Sisi wanachama wa chama hiki hujivunia utajiri wa lugha yetu, tukawataja changu, tasi, nguru na kolekole wa baharini, kisha sangara, sato, dagaa na kambare wa maziwani na mitoni. Lakini majina haya, kwangu mimi, yalinukia moshi wa jiko. Samaki wa kutazamwa, samaki anayelishwa badala ya kuliwa, hakuwa na nafasi katika msamiati wangu wala katika malezi yangu.

Ilikuwaje basi nikawa na tangi? Nikiwa katika mwaka wa pili, jirani yangu katika nyumba za kupanga zilizo karibu na lango la chuo alihitimu. Siku ya kuhama aliniachia alichoshindwa kukibeba: tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30, pamoja na pampu ndogo ya hewa na chujio la sifongo. Nilipiga hesabu ya shule ya msingi. Likijazwa hadi ukingoni lingechukua lita 54. Likijazwa kwa kiasi, kama lita 45. Hayo ni madebe mawili na ushei. Hata hivyo, nilipoyamimina maji nikayaona yakimeta mbele ya dirisha, sikuona madebe mawili. Niliona ziwa zima limehamia chumbani mwangu. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza, na mengine yote yalizaliwa nalo.

Jumamosi iyo hiyo nilishika njia hadi kwa muuza samaki wa mapambo mjini. Matangi yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine hadi karibu na dari, taa zikiwaka ndani yake, na kila tangi lilinivuta upande wake. Nilichagua kama mtoto aliyefikishwa mbele ya peremende. Nilitwaa samaki wa dhahabu wawili kwa sababu ya jina lao. Nilitwaa gapi wanne kwa sababu ya mikia yao iliyopepea mithili ya khanga uani. Nilitwaa mfyonzaji mmoja, yule ajibandikaye kiooni kwa mdomo, kwa kuwa niliambiwa angenisafishia tangi. Mwisho nilimwona oska, mdogo kama kidole gumba, mweusi mwenye mawimbi ya rangi ya chungwa, akinitazama kana kwamba ananifahamu.

"Huyu hatakua akawa mkubwa?" niliuliza.

"Usiwe na shaka, kijana," muuzaji akanijibu. "Samaki hukua kulingana na tangi lake."

Nilimwamini, si kwa sababu ya ushahidi wowote, bali kwa sababu jibu lake lilifanana na matamanio yangu. Jioni hiyo samaki wanane waliingia katika maji ambayo yalikuwa yametoka mferejini saa chache tu zilizopita.

Siku ya tatu gapi mmoja alielea ubavu. Nilidhani ni njaa, nikawaongezea chakula. Siku ya tano maji yalipata ukungu mweupe, na gapi wa pili akamfuata mwenzake. Kufikia siku ya tisa gapi wote walikuwa wamekwisha, na samaki mmoja wa dhahabu alikuwa akihema juujuu ya maji, mashavu yamemwiva wekundu. Naye hakuuona mwisho wa wiki ya pili. Niliwazika katika kopo la maua la mama mwenye nyumba, usiku, kwa aibu. Mtoto wa mvuvi aliyekulia ziwani alikuwa ameua samaki watano kwa kuwapa maji na chakula.

Aliyenifungua macho ni mwenzangu wa chumba cha pili, anayesomea kemia. Alinieleza kuwa samaki hutoa amonia kupitia mashavuni, na kwamba chakula kilichobaki nacho huoza kikatoa amonia iyo hiyo. Amonia ni sumu. Ziwani haimdhuru samaki kwa urahisi kwa kuwa maji ni mengi, tena yana wasafishaji wasioonekana. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kisha kuna wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo, mimea huitumia, na mwenye tangi huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao hujijenga katika sifongo, katika changarawe na juu ya vioo. Hawaji kwa siku moja. Aghalabu huchukua wiki nne hadi sita kutimia idadi inayohitajika. Fauka ya hayo, maji ya mfereji hutiwa klorini ili tuyanywe bila kuugua, na klorini haibagui kati ya vijidudu vya maradhi na mashavu ya samaki. Mimi niliwatia wageni wanane katika nyumba isiyo na choo, kisha nikawaongezea mlo.

Waliosalia watatu walistahimili. Oska hasa alinawiri. Muuzaji alikuwa amesema kweli upande mmoja: samaki alikua. Lakini hakukua kulingana na tangi. Alikua kulingana na nasaba yake. Oska ni samaki wa Amerika Kusini, wa bonde la mto Amazon, na akitunzwa hufikia urefu wa sentimita 30 na zaidi, yaani upana mzima wa tangi langu. Mwezi wa tatu alikuwa ameshapita urefu wa kiganja. Asubuhi moja niliamka nisimwone samaki wa dhahabu aliyebaki. Nilimtafuta sakafuni nikidhani ameruka. Kisha nikaliona tumbo la oska. Mfyonzaji alijificha nyuma ya chujio na hakutoka tena mchana.

Julai ilipofika na baridi yake ya Nairobi, maji yalishuka hadi nyuzijoto 17 usiku. Lugha yetu huyaita maji yasiyo na chumvi "maji baridi", na kwa jina hilo nilikuwa nimejidanganya kwamba samaki wa maji baridi hawajali baridi. Wengi wao ni wa nchi za joto na huhitaji nyuzijoto 24 na zaidi. Oska alilala chini, amepauka, mwili wake umezuia nusu ya tangi. Nililifunika tangi kwa blanketi langu, nikalala bila blanketi.

Ni katika siku hizo ambapo Baba alifika Nairobi. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na alikuja kuonwa na daktari ili apangiwe upasuaji. Nilimkaribisha kitandani mwangu, nami nikatandika chini. Jioni ya kwanza alisikia mlio wa pampu akauliza ni kitu gani. Nikamwongoza hadi mbele ya tangi, akakaa juu ya kigoda na kuusogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. (Baba huzungumza nami kwa Kijaluo; maneno yake hapa nimeyafasiri mwenyewe.)

"Ninaona kivuli," alisema. "Kivuli kimoja kikubwa. Ni mbuta?"

Nilicheka. "La, Baba. Huyu anaitwa oska. Anatoka mbali, ng'ambo ya bahari."

"Alikuwa peke yake tangu mwanzo?"

"La. Walikuwa wanane."

Alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema, "Basi ni mbuta."

Usiku huo alinisimulia habari ambazo hakuwahi kunisimulia nilipokuwa nyumbani, labda kwa sababu nyumbani hapakuwa na sababu. Alipokuwa mtoto katika miaka ya 1960, ziwa lilijaa fulu, wale ambao Watanzania huwaita furu. Walikuwa samaki wadogo, wenye miiba mingi na thamani ndogo, wa kuvuliwa na watoto kwa ndoana ya pini. Hakuna aliyewahesabu. Lakini walikuwa na rangi. Dume wa fulu akiwa tayari kuoa, alisema Baba, alikuwa mwekundu kama kaa la moto, au wa buluu, au wa manjano, na kila mwamba ulikuwa na watu wake.

Mengine nimeyasoma baadaye katika vitabu. Ziwa letu lilikuwa na aina zinazokadiriwa kufikia 500 za jamii hiyo, nyingi zikiwa hazipatikani kwingine kokote duniani. Katika miaka ya 1950 na mapema miaka ya 1960, mbuta aliletwa kutoka maji mengine na kutiwa ziwani. Hoja ilikuwa nzuri kuisikia: fulu ni mdogo na hana soko, tumlete samaki mkubwa amle, nasi tumle yeye. Mbuta anaweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzani wa kilo 200. Hata wakati huo walikuwapo wataalamu walioonya. Kwa miaka kama 20 hivi haikuonekana ajabu kubwa, kisha katika miaka ya 1980 mbuta akatapakaa na fulu wakatoweka nyavuni. Wanasayansi hukadiria kuwa aina kama 200 hivi zilipotea au zilikaribia kupotea.

Si mbuta peke yake aliyehusika. Udongo wa mashamba, mbolea na maji taka viliingia ziwani, maji yakapoteza uangavu na hewa. Hapa kuna jambo lililonigusa kuliko yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa majike wa fulu humteua dume kwa rangi yake. Maji yakichafuka, jike haioni vyema rangi. Hushindwa kumtofautisha dume wa aina yake na wa aina nyingine, na aina zilizokuwa mbili huchanganyika zikawa moja. Hata samaki, kumbe, ni mteuzi, na uteuzi wake hutegemea maji.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tunayo sababu yetu ya pekee ya kuwakumbuka samaki hawa. Kundi mojawapo la fulu limepewa na wanasayansi jina la Pundamilia, neno letu wenyewe, kwa ajili ya milia yao; na miongoni mwao yumo mmoja wa upande wa Tanzania aitwaye Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Nilipomwambia Baba habari hiyo alicheka hadi akakohoa. "Tuliwaita chambo," alisema.

Nami, kwa ghadhabu ya kijana aliyesoma kurasa chache, nilianza kumlaani mbuta. Baba alinikatiza.

"Usimtukane. Karo yako ya shule ya upili ililipwa na nani?"

Sikujibu. Nilijua. Ililipwa na mbuta aliyenunuliwa ufuoni na mawakala wa viwanda vya minofu, minofu ikapakiwa katika barafu na kusafirishwa hadi Ulaya. Sare yangu, sanduku langu la bati, kamusi yangu ya kwanza ya Kiswahili: vyote vilitoka tumboni mwa samaki yule. Mimi ni mtoto wa mbuta kama nilivyo mtoto wa ziwa.

"Mbuta hakuja ziwani kwa miguu," Baba aliendelea. "Aliletwa. Na huyu wako hakuingia humu kwa mlango. Yeye anakula kwa kuwa ana njaa. Wewe je, ulikuwa na njaa gani?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu zaidi katika ukumbi wowote wa mtihani.

Rafiki mmoja alinishauri tumpeleke oska katika bwawa lililo kando ya jiji, tumwachilie, naye ajitafutie. Lilionekana wazo la huruma. Baba alikataa katakata. Alinikumbusha gugu maji, mmea wa Amerika Kusini ambao watu waliusafirisha huku na huku duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Ulionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ulifunga fuo nzima. Zilikuwapo siku, alisema, ambapo mtumbwi wake ulishindwa kuondoka ufuoni na samaki aliowavua wenzake walioza kwa kukosa pa kutia nanga. "Hata lile gugu lilipendwa na mtu kwanza," alisema.

Kwa hiyo tulimtia oska katika ndoo yenye kifuniko, mfyonzaji katika nyingine, tukapanda matatu kuelekea mjini, Baba akiwa ameishika ndoo moja kati ya magoti yake. Kondakta alitaka kujua kama ndoo nazo zitalipa nauli. Muuzaji aliwachukua samaki bila kunirudishia hata senti, akawatia katika tangi kubwa kuliko kitanda changu. Sikulalamika. Baba alirejea nyumbani kuusubiri upasuaji uliopangwa baada ya miezi miwili, nami nikarejea katika chumba chenye lita 45 za maji na hakuna samaki.

Safari hii sikukimbilia dukani. Nilichukua karatasi, nikaandika si majina ya samaki bali maswali. Maji yangu ni kiasi gani? Yana joto gani usiku wa Julai? Samaki huyu akikomaa atakuwa na urefu gani? Huishi peke yake au katika kundi? Hukaa juu, katikati au chini? Hula nini, na je, jirani yake anaweza kuingia mdomoni mwake? Nilishangaa kuona jinsi maswali hayo yalivyowapunguza wateule wangu mmoja baada ya mwingine.

Samaki wa dhahabu hustahimili baridi, lakini hupita sentimita 20, huchafua maji mno, na akitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Tangi langu lingekuwa jela yake. Niliwatamani mbuna wa Ziwa Malawi, kwa kuwa ni jamaa za fulu na rangi zao humtoa mtu pumzi; ila ni wagomvi, na huhitaji tangi kubwa mara kadhaa kuliko langu. Beta, samaki mpiganaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, huweza kuvuta hewa ya juu ya maji na hutosheka na nafasi ndogo akiwa dume mmoja tu, lakini hutaka joto la daima, nami sikuwa na hita, na umeme wetu una tabia zake. Tetra neoni hupenda joto pia, na maji laini kama ya mito ya Amazon. Gapi ni mvumilivu, ila jike huzaa watoto hai karibu kila mwezi, na huweza kuendelea kuzaa hata dume akiondolewa, kwa kuwa huhifadhi mbegu mwilini. Asiyetaka tangi lifurike sharti afuge madume watupu.

Nilisoma pia habari za samaki wadogo wa pwani yetu, wa jamii ya Nothobranchius, wanaoishi katika vidimbwi vya mvua. Kidimbwi hukauka, samaki wote hufa, lakini mayai hubaki yamelala katika tope kavu hadi mvua nyingine inyeshe. Madume wao wana rangi zinazoshinda vito. Sikuwakuta dukani, na kumtoa samaki kidimbwini mwake kwa ajili ya chumba changu nisingethubutu tena.

Aliyebaki kwenye karatasi ni danio wa milia. Asili yake ni Asia ya Kusini: India, Nepal, Bangladesh. Hukomaa akiwa na sentimita nne hivi, huvumilia nyuzijoto 18 hadi 24 bila taabu, hula karibu chochote kinachoingia mdomoni mwake, na hawezi kummeza mwenziwe. Huhitaji kundi la wenzake wasiopungua sita, nafasi ya kuogelea kwa urefu, na kifuniko, maana ni mrukaji hodari. Hana mkia wa khanga. Dukani nilikuwa nimempita bila kumtazama mara mbili.

Kabla ya kumnunua nilisubiri. Nililihamisha tangi kutoka dirishani, mbali na jua na baridi ya kioo. Maji mapya niliyaacha katika ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Nilipanda mimea, kisha kila siku nikatia chembe chache za chakula cha samaki ndani ya maji yasiyo na samaki, kikaoza kikawalisha bakteria. Majirani waliniona nikilisha maji wakasema masomo yamenizidi. Mwenzangu wa kemia alinipimia kila baada ya siku chache: amonia ikapanda, ikashuka, nitriti ikapanda, ikachelewa, ikashuka. Wiki ya sita zote mbili zilikuwa hazionekani tena. Nilinunua danio wanne. Niliuelekeza mfuko wao juu ya maji hadi joto likalingana, nikawaongezea maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo nikawaachilia. Wiki mbili baadaye nikaongeza wanne. Idadi ilikuwa ile ile ya mwanzo, tangi lile lile, lita zile zile.

Baba alipasuliwa jicho la kulia mwezi wa Septemba. Siku iliyofuata bandeji ilitolewa, nikamleta chumbani akiwa amevaa miwani ya jua kama mwanamuziki wa zamani. Hakuuliza kitu. Alikivuta kile kigoda mwenyewe, akavua miwani, akakaa. Nilisimama nyuma yake nikiogopa kupumua. Danio hawatulii, kwa hiyo ilimchukua muda. Nilimwona akinyoosha kidole, akikirudisha, akianza upya.

"Wanane," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Baba."

"Uliweka wangapi?"

"Wanane."

Alitikisa kichwa, akaendelea kutazama. Hakunisifu, na wala hakuhitaji. Baada ya kitambo aliuliza nani atawalisha nikienda likizo.

Mpenzi msomaji, huenda huna tangi na hutalinunua. Iwapo utalinunua, nakusihi uchukue karatasi kabla hujachukua pochi. Ununue subira kabla hujanunua samaki. Na ukishindwa na uliyemchagua, mrudishe aliko, usimtie mtoni. Kosa la chumbani hurekebishwa kwa wavu mdogo na ndoo. La ziwani ni maji yaliyomwagika, na hayo hayazoleki.

Desemba nilikwenda nyumbani. Danio niliwaacha mikononi mwa yule wa kemia. Jioni moja Baba aliniomba nimsindikize hadi kwenye miamba alikovulia fulu utotoni. Nimesoma kwamba baadhi yao wamesalia, na kwamba wengine wameanza kuonekana tena tangu mbuta alipopungua kwa kuvuliwa mno. Maji yalikuwa ya kijani, mazito. Baba alichuchumaa juu ya mwamba, jicho lake jipya limeelekezwa chini, nami nikachuchumaa kando yake. Tulikaa hivyo hadi jua likagusa ziwa.

"Mmoja," alisema ghafla.

Niliinama nikatazama huku na huko. Sikuona kitu.

"Yuko wapi, Baba?"

"Usimtafute samaki," alinijibu. "Yatazame maji kwanza."